Pezi Huanzia Kwenye Soli: Jinsi ya Kuchagua Mapezi na Viatu vya Kuzamia Penye Mawe

Wanaojifunza kuzamia wakikutana, hawakosi kubishana juu ya mapezi. Yapi yana kasi, yapi ni mepesi, marefu au mafupi, ya bapa zima au yaliyopasuliwa katikati. Anayetaka kununua huondoka hapo na majibu matano yanayopingana, kwa sababu kila aliyemjibu alikuwa anasema habari za bahari yake mwenyewe. Anayejitosa kutoka kwenye boti hana haja ya kuufikiria unyayo. Anayeingilia ufuo wa mawe hana budi aanze nao. Kabla hajapiga teke la kwanza ana safari ya kutembea, mtungi wa hewa mgongoni na mkanda wa vizito vya risasi kiunoni, juu ya mawe yenye ncha na utelezi, huku povu la mawimbi likimficha asione anapokanyaga.

Msimamo wangu niutaje mapema: penye mawe, kiatu kichaguliwe kwanza, pezi lifuate. Ukitanguliza pezi, utaishia kuutafutia mguu kiatu chembamba cha kuingia ndani ya pezi, na kiatu chembamba ndicho kinachoshindwa na mawe.

Tuelewane kwa majina

Pezi la kuzamia lina sehemu mbili. Mbele kuna bapa, lile pana linalosukuma maji. Nyuma yake kuna mahali pa kuingiza mguu, tupaite mfuko. Ukiutazama mfuko huo utaona kuwa mapezi ni ya aina mbili tu.

Aina ya kwanza ni pezi lililoziba. Mfuko wake unafunika mguu mzima, kisigino ndani, na huvaliwa pekupeku au kwa soksi nyembamba. Aina ya pili ni pezi la kisigino wazi. Mfuko wake unaishia katikati ya unyayo, halafu mkanda unapita nyuma ya kisigino kulishika pezi lisichomoke. Hili huvaliwa juu ya kiatu.

Kiatu chenyewe ni buti la neopreni. Neopreni ni mpira wa viwandani uliojaa viputo vidogo vya gesi, kila kimoja kimezibwa peke yake. Ufikirie kama sponji isiyonyonya maji. Viputo hivyo ndivyo vinavyozuia joto la mguu lisipotee, na kazi hiyo si ndogo, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa. Unene wa neopreni hutajwa kwa milimita: 3 kwa maji ya vuguvugu, 5 kwa maji ya wastani, 7 kwa maji ya baridi.

Tukumbuke pia pezi limetoka wapi. Mfaransa Louis de Corlieu alisajili hataza ya mapezi yake mwaka 1933, na Mmarekani Owen Churchill akayapeleka sokoni kwa wingi miaka michache baadaye, yakawafikia hadi wazamiaji wa kijeshi wa Vita Kuu ya Pili. Tangu hapo yamebadilika umbo na malighafi, lakini kusudi limebaki lilelile: kusukuma maji. Pezi halikubuniwa kutembelewa. Kila hatua unayopiga nchi kavu ni kazi ya kiatu.

Soli ndiyo inayokinga

Kuna dhana imeenea kwamba buti nene ndilo linalokinga mguu. Watu hulipa zaidi kupata milimita 7 wakiamini hakuna mwiba utakaopita. Si kweli. Neopreni ni povu lililogandishwa, na sindano hupita ndani ya povu bila shida, liwe jembamba au nene. Wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi kama nungunungu, wanaokaa kwenye nyufa za miamba, wanatoboa neopreni ya aina yoyote. Unene ni habari ya baridi. Kinga ni habari ya soli.

Basi buti ulishike mkononi ulipindue. Bonyeza soli kwa ncha ya kidole gumba, kwa nguvu, pale chini ya vidole na pale katikati ya upinde wa unyayo. Ukisikia inabonyea kama kifutio, hiyo ni soksi iliyopakwa mpira chini. Inafaa ufuo wa mchanga na sitaha ya boti. Soli ya kutembelea mawe hukataa kidole. Kisha ipinde: inatakiwa ikunjike mahali vidole vinapokunjikia, lakini isikubali kusokotwa kama kitambaa cha kukamulia. Inayosokoteka itakufanya ulisikie kila jiwe, na kifundo cha mguu kitakuwa kinayumba kila unapokanyaga upande.

Tazama kingo pia. Katika buti zuri mpira mgumu hauishii chini, unapanda kidogo kuzunguka vidole na kisigino. Mguu unapotumbukia kati ya mawe mawili hauumii unyayoni, huumia ubavuni na kwenye kidole kikubwa, na huko ndiko buti la bei rahisi linakoacha kitambaa kitupu. Kwa sababu hiyohiyo chagua buti linalofunika kifundo. Lile fupi linaloishia chini ya kifundo humeza changarawe, na changarawe moja ndani ya kiatu, ukiwa umebanwa na pezi kwa dakika arobaini, ni kidonda.

Linabaki suala la utelezi, nalo linahitaji subira kidogo.

Tazama mwamba wakati maji yamekupwa. Juu kabisa jiwe ni kavu, lina rangi yake ya asili, linakwaruza. Chini yake kuna mshipi wa giza, kijani au mweusi, unaong'aa kama umepakwa mafuta. Huo ndio mpaka kati ya maji kujaa na maji kupwa, na ule mng'ao ni utando wa mwani mwembamba sana. Chini zaidi wanaanza chaza na kome wadogo wenye kingo kali. Mtu hatelezi pale juu. Huteleza kwenye ule mshipi, na akianguka huangukia kwenye chaza.

Soli ya mpira, hata yenye meno marefu kiasi gani, hupata tabu juu ya utando huo kwa sababu meno hayalifikii jiwe. Yanaishia kwenye ute. Wavuvi wa mitoni na wa miambani katika nchi nyingi hutumia soli ya kitambaa kigumu cha nyuzi za sufu au za plastiki zilizoshindiliwa pamoja. Nyuzi hupenya ute zikaligusa jiwe. Inashika vizuri kweli. Lakini ina kasoro mbili: kwenye matope na majani huteleza kuliko mpira, na nyuzi hubeba vijidudu na chembe za mwani kutoka maji haya hadi yale. New Zealand ilipiga marufuku soli hizo kwa wavuvi wa maji yasiyo na chumvi mwaka 2008, baada ya mwani mgeni kuvamia mito yake. Kwa mzamiaji wa kawaida ningeshauri soli ya mpira laini kiasi yenye mifereji ya kina, kisha busara ya kuchagua njia: kanyaga nyufa na mashimo badala ya migongo ya mawe, epuka palipong'aa, na kama pwani yako ina maji ya kujaa na kupwa, jua mapema mshipi ule utakuwa umefunikwa au uko wazi utakapofika. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, unaweza kuingia maji yakiwa juu kwenye jiwe kavu linalokwaruza, ukatoka saa moja na nusu baadaye ukakuta mita kadhaa za utelezi zisizokuwapo.

Zipu? Inarahisisha kuvaa, inaingiza maji, na isipooshwa hukwama kwa chumvi. Kwenye maji ya vuguvugu haina madhara.

Kiatu kikishapatikana, ndipo tuzungumze pezi

Mara ukiwa na soli ngumu mguuni, nusu ya ubishi wa mapezi imekwisha yenyewe. Pezi lililoziba halitaingia. Unabaki na la kisigino wazi, na swali la kwanza si kasi, ni mfuko: je, soli yako pana itaingia bila kulazimishwa? Nenda kujaribu ukiwa na buti lako. Usikubali kuazimwa buti la dukani, wala usijaribu pekupeku ukakisia. Soli za kutembelea mawe ni nene na pana kuliko zile za boti, na mifuko mingi imefinyangwa kwa zile za boti.

Ukishavaa, simama, inua kisigino, tikisa mguu. Pezi lifuate mguu kama mkono unavyofuata kiwiko. Vidole viweze kuchezacheza. Vikibanwa, damu haitembei vizuri, mguu unapata baridi, na kabla ya nusu ya safari tafu litakakamaa. Likilegea, kila teke litasugua ngozi, na wimbi likija kwa nguvu pezi litabaki nalo.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji huliruka, nalo linaeleza malalamiko mengi. Mtu hufunga mkanda vizuri nchi kavu, lakini akifika chini anahisi pezi linacheza. Hulaumu pezi. Kilichotokea ni kwamba buti limepungua. Katika kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji, na kile kiputo cha gesi ndani ya neopreni kinabanwa hadi nusu ya ukubwa wake. Buti linakuwa jembamba, mkanda uliopimwa juu unakuwa mrefu chini. Ukiukaza huko chini, ukipanda buti linavimba tena na mkanda unakubana.

Ndiyo maana napendelea mkanda wa springi kuliko mkanda wa mpira wenye vibanio. Springi ya chuma kisichoshika kutu hujivuta na kujilegeza yenyewe kadiri buti linavyobadilika. Tena haina kibanio cha plastiki cha kupasuka unapolikanyaga jiwe, na nyuma huwa na kitanzi cha kuingiza kidole: unavuta mara moja, pezi limetoka. Anayebaki na mkanda wa mpira abebe wa akiba mfukoni, na aukague pale unapopita kwenye kibanio, kwa kuwa nyufa huanzia hapo.

Bapa nalo lina mambo yake, ila ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Imani kwamba bapa kubwa na gumu ndilo lenye kasi ni kama kusema gia kubwa ndiyo nzuri kwa kila baiskeli. Kwenye miguu yenye nguvu na mwendo mrefu ni kweli. Kwa mwingine bapa hilo ni mzigo wa kulitesa tafu. Penye mawe unahitaji kitu kingine zaidi, nacho ni utii. Wimbi linakuvuta na kukusukuma kati ya miamba, unataka teke moja fupi likusogeze nusu mita kwa upande unaoutaka, na hata kurudi nyuma. Kwa hilo bapa fupi, pana, gumu kiasi, hufanya vizuri. Lililopasuliwa katikati ni laini kwa magoti na linafaa safari tulivu, lakini halishiki maji vizuri unapotaka kugeuka ghafla au kurudi nyuma, na ule mpasuko hupenda kunasa mwani na kamba.

Mapezi marefu ya wazamiaji wa pumzi moja ni ulimwengu wao. Yana nguvu nyingi kwa jasho dogo, lakini mengi yameziba kisigino, na yale ya nyuzi za kaboni, mepesi na ya gharama, hayavumilii kugongwa ukingo wa jiwe. Wanaoyatumia penye mawe huwa na utaratibu wa kuvaa soksi yenye soli na kuyavua mapezi mahali pa kina tulivu.

Uzito nao tusiusahau, kwa kuwa unahusiana moja kwa moja na buti. Neopreni huelea. Buti la milimita 7 pamoja na mapezi ya plastiki nyepesi huinua miguu, ukajikuta unaogelea kichwa chini. Mapezi ya mpira mzito huzama na kuishusha miguu. Mwenye suti nyembamba na buti jembamba akivaa mapezi hayo mazito ataburuza mapezi mwambani, avunje vilivyoota hapo. Hakuna pezi jema au baya katika hili. Kuna linalolingana na buti na lisilolingana.

"Kwani nikivaa ndala tu?"

Hoja hii huja mara kwa mara: nunua mapezi yaliyoziba, ni rahisi, tembea na ndala hadi ukingoni, ziache juu ya jiwe, uzikute ukirudi. Niliwahi kuifuata. Tulipotoka majini mkondo ulikuwa umetusogeza mbali na pale tulipoingilia, na maji yalikuwa yamejaa. Nilivua mapezi nikapanda pekupeku. Sikuhisi kitu, miguu ilikuwa baridi. Nilichoona kwanza ni alama nyekundu kwenye jiwe nyuma yangu, moja kwa kila hatua, na nilipoukunja unyayo nikakuta mikato minne myembamba kama ya wembe, iliyofunguka kimya kimya juu ya chaza. Ndala zangu nilizikuta zikielea.

Kosa la hoja ile ni kudhani kwamba utatokea pale ulipoingilia. Bahari haikuahidi hivyo. Kiatu chako lazima kiwe mguuni muda wote.

Wengine hupendekeza raba kuukuu. Kwa kutembea kwenye miamba na kuogelea kidogo zinasaidia, soli yake ni ngumu. Kwa mapezi hazifai: zinajaa maji, hazina joto, kamba zake hunasa, na kisigino chake kipana hakikai ndani ya mkanda. Na kuna wanaosema miguu yao imezoea. Ngozi ngumu huzuia changarawe. Haizuii mwiba wa yule samaki mwenye sumu anayejifanya jiwe, mwenye miiba 13 mgongoni, ambaye uzito wako mwenyewe ndio unaoisukuma miiba iingie. Huyu hata soli laini huitoboa.

Akikuchoma, au ukichomwa na miiba ya wale wa duara, usipige kidonda kwa jiwe wala usikimbilie mkojo, hausaidii. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi joto 45, kwa dakika 30 hadi 90, maana joto hupunguza maumivu ya sumu ya aina hii. Apime maji mtu mwingine kwa mkono wake, kwa kuwa mguu wenye maumivu makali hausikii kuungua. Kisha nenda hospitali, hasa mwiba ukiwa umevunjikia karibu na kiungo au kama chanjo yako ya pepopunda ni ya zamani. Ukichomwa na yule samaki usisubiri kabisa. Kulowekwa kuendelee njiani.

Kuvaa na kuvua

Umesikia kwamba mtu avae mapezi nchi kavu kisha atembee kinyumenyume. Kwenye mchanga sawa. Penye mawe usifanye: huoni nyuma, bapa linanasa, na ukianguka huna mguu wa kujizuia.

Tembea kwa mabuti, mapezi yakiwa mkononi au yamening'inia kwenye kifundo cha mkono kwa vile vitanzi. Jaketi la kuelea liwe na hewa, miwani machoni, kipumulio mdomoni. Kabla ya hatua ya mwisho simama uyatazame mawimbi. Huja kwa mafungu, makubwa kadhaa kisha utulivu; ingia kwenye utulivu. Maji yakifika kiunoni au kifuani mshike mwenzako bega, kunja mguu mmoja juu ya goti la mwingine mfano wa tarakimu 4, vaa, geuza, vaa la pili, ondoka hapo upesi. Muda huu wa kusimama kwa mguu mmoja ndio mbaya kuliko yote, na hapo utaelewa thamani ya mkanda unaovutika mara moja.

Kutoka ni kugumu zaidi kwa sababu umechoka. Usivue mapezi hadi mkono wako umeshika jiwe lisilotikisika, kwani bila mapezi huwezi kurudi kwenye kina wimbi likikukataa. Ukishayavua usisimame, tambaa. Kipumulio kisitoke mdomoni hadi uwe nje ya povu. Na mahali pa kutambaa pachaguliwe ungali nje, unaelea: buti haliruhusu kukanyaga matumbawe hai. Matumbawe hayo yakiwa ndiyo jukwaa pekee la kutokea, tafuta ufuo mwingine siku hiyo.

Ukifika nyumbani osha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini, na mapezi uyalaze. Ukiyasimamisha kwa ncha ya bapa kwa miezi yatajikunja na hayatanyooka. Mabuti yafungue zipu, yapindue soli juu, chomoa kipande cha chaza kilichobaki kwenye mfereji, na uiangalie ile sehemu soli inapokutana na neopreni kwenye vidole. Gundi huachia hapo kwanza, na ukiiona mapema inazibika kwa gundi ya neopreni na usiku mmoja wa kukauka.